Mwanangu haongei darasani: je, tuache Kiswahili nyumbani?

"Habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka minne na miezi mitatu. Januari tulimwanzisha darasa la awali kwenye shule ya English medium hapa Mbeya. Sasa ni Mei na mwalimu analalamika kwamba mtoto hasemi kitu darasani, anaitikia kwa kichwa tu. Nyumbani ni mchangamfu, anaongea mpaka anachosha. Mwalimu anasema tatizo ni Kiswahili cha nyumbani, tukiache kabisa, tuongee Kiingereza tupu. Mimi na baba yake tumeishia kidato cha nne, Kiingereza chetu ni cha kuungaunga. Bibi yake tunaishi naye na anamsemesha Kinyakyusa. Siku hizi mtoto ameanza kuchanganya, juzi kaniambia 'Mama, kikombe kime-fall.' Tunamwekea katuni za Kiingereza, kama masaa matatu kwa siku, lakini sioni mabadiliko. Je, tumechelewa? Tuache Kiswahili? Bibi arudi kijijini? Au tumhamishie shule ya Kiswahili? Ada inatuumiza, nisingependa ipotee bure."

Dada, nitangulize jibu, maelezo yafuate. Msiache Kiswahili, bibi asiende kokote, na mtoto hajachelewa. Vinavyohitaji kuangaliwa kwa karibu ni viwili: shule yenyewe, na masikio ya mtoto.

Wasiwasi wako una msingi. Sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza, na mzazi aliyeonja ugumu wa kubadilishiwa lugha ghafla akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne hataki mwanawe aupitie. Hapo hatubishani. Ninachobisha ni njia mliyoelekezwa, kwa sababu itawaondolea kitu ambacho kwa sasa kinamjenga mtoto, na badala yake haitawapa Kiingereza.

Tuanze na ukimya. Mtoto mdogo akipelekwa mahali ambapo lugha haielewi, kwanza hujaribu ya kwake. Akiona haifui dafu, hunyamaza. Ukimya huo una kazi ndani yake: anasikiliza, anatazama midomo, anaiga wenzake wanaposimama na kukaa, anajifunza kuwa sauti fulani huja kabla ya uji na nyingine kabla ya kwenda nyumbani. Baadaye hutoka na vipande alivyokariri vizima vizima, "good morning", "finish", "my turn", bila kujua vimeundwaje. Mwisho kabisa ndipo huvivunja vipande hivyo na kuunda sentensi zake mwenyewe. Hatua ya kunyamaza huchukua wiki chache kwa mmoja na miezi sita au zaidi kwa mwingine, na watoto wa miaka mitatu na minne hukaa humo muda mrefu kuliko wale wa saba au nane. Tangu Januari hadi Mei, ukitoa likizo, mwanao amesoma miezi michache tu. Kule kuitikia kwa kichwa ni dalili nzuri, maana kunaonyesha swali limemfikia.

Muulize mwalimu jambo moja: wakati wa kucheza uwanjani, mtoto anaongea na wenzake kwa Kiswahili? Kama anaongea, basi anachosubiri ni Kiingereza kumkaa, na uwezo wake wa kuongea hauna shida. Kama akishavuka geti hasemi na yeyote kwa lugha yoyote, hilo ni suala jingine na nitalirudia.

Wanaorefusha ukimya mara nyingi ni sisi watu wazima. Mtoto akisimamishwa mbele na kuamriwa "sema", akachekwa, au akavalishwa kibao shingoni kwa kosa la kutamka neno la Kiswahili, anaelewa upesi kwamba usalama uko kwenye kufunga mdomo. Adhabu ya kibao, ambayo Kenya waliipa jina la diski, ni ya miaka mingi na bado kuna wanaoitetea. Inachozalisha ni watoto wanaonong'ona na kuchongeana. Kama shule yenu inaitumia kwa watoto wa miaka minne, mimi nisingesubiri muhula uishe.

Imani ya kwamba lugha ya nyumbani inaibana ya shule ni kongwe, na zamani hata wasomi waliishika. Jim Cummins, mtafiti wa Toronto, aliifananisha na maputo mawili ndani ya kichwa kimoja: ukipuliza hili, lile linakosa nafasi. Aliichora picha hiyo ili aipinge. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa miaka kumi mjini Montreal, wakakuta wenye lugha mbili wanafanya vizuri kuliko wenye lugha moja katika majaribio mengi ya akili. Utafiti ule ulikosolewa baadaye kwa jinsi ulivyochagua watoto wake, kwa hiyo sitakuahidi kwamba lugha mbili zitamfanya mwanao awe na akili kuliko wa jirani. Lakini hofu ya kwamba zitamdumaza haijapata ushahidi wa kusimama. UNESCO nayo ilishauri tangu 1953 kwamba mtoto aanzishwe masomo kwa lugha anayoielewa vizuri.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita "kujua lugha" ni kujua mambo. Mtoto anayeelewa kwa Kiswahili maana ya kabla na baada, nusu, kufanana, kwa sababu, isipokuwa, akikutana na mambo hayo kwa Kiingereza anahitaji jina jipya tu. Asiyeyaelewa kwa lugha yoyote ana mizigo miwili kwa wakati mmoja: kuelewa jambo na kukamata neno. Ndiyo maana mtoto anayesimulia vizuri kwa Kiswahili, mwenye mwanzo, kati na mwisho, huja kuwa msomaji mzuri wa Kiingereza mbele ya safari, ingawa darasa la awali hakuonekana wa maana.

Sasa fikiria nini kitatokea mkifuata ushauri wa mwalimu. Jioni mtoto anauliza, "Mama, kwa nini mwezi unatufuata?" Kwa Kiswahili utamjibu, atakuuliza tena, utamtania, atabisha, na ndani ya dakika tatu atakuwa amesikia mamia ya maneno yaliyopangwa kwa ufasaha. Kwa Kiingereza cha kuungaunga utatafuta neno, hutalipata, utasema "because it is far, go and play". Baada ya wiki mbili Kiingereza cha nyumbani kitakuwa kimebaki amri: come, sit, eat, don't touch. Hadithi zitakufa, utani utakufa, na baba akirudi amechoka ataona heri anyamaze. Mtoto hataongezewa Kiingereza cha maana. Atapunguziwa maneno yote anayosikia kwa siku, na kupungua huko ndiko kunakochelewesha lugha.

Makosa yenu madogo ya sarufi au lafudhi ya Mbeya si tatizo, usione aibu. Matamshi watoto huyachukua zaidi kwa walimu na wenzao. Shida ya Kiingereza cha mzazi asiyekizoea ni uchache wake.

Halafu "kikombe kime-fall". Hapo mwalimu anaona vurugu. Mimi naona fundi. Kikombe kiko kwenye ngeli ya ki-, na mtoto ameweka ki-. Jambo limekwisha kutendeka, ameweka -me-. Kisha kwenye nafasi ya kitenzi, na hapo tu, amechomeka neno la Kiingereza. Angekuwa amechanganyikiwa angesema "kikombe ame-fall" au angevuruga mpangilio wote. Mchunguze siku mbili tatu: akitaja maji atasema "yame-", akitaja mpira atasema "ume-". Sarufi ya Kiswahili iko imara, na yeye anaitumia kubebea maneno mapya ambayo bado hana pa kuyaweka. (Nenda ofisi yoyote ya Dar es Salaam usikilize mkutano wa watu wazima wenye shahada, utasikia "tume-submit" na hakuna anayepelekwa hospitali.) Cha kufanya ni kumjibu kwa umbo kamili na mazungumzo yaendelee: "Ee, kimeanguka! Kimevunjika?" Mara moja inatosha. Usimwambie "sema vizuri", na usimcheke.

Kwa sababu hiyohiyo, ukitaka kujua ana msamiati kiasi gani, jumlisha lugha zote. Mtoto anayejua "maembe" kwa Kiswahili, "apple" kwa Kiingereza tu, na jina la mboga kwa Kinyakyusa tu, ana maneno matatu, na mwalimu wake amemhesabia moja.

Kuhusu bibi, sioni hata pa kuanzia kubishana. Lugha ya tatu haimzidi uwezo mtoto mwenye afya, na Mbeya imejaa watu wazima waliokua na tatu. Anachokileta bibi ni kile mlichokosa muda nacho: masimulizi marefu, vitendawili, nyimbo, mtu mzima asiye na haraka. Akisema "Hadithi hadithi", mtoto akaitikia "Hadithi njoo", wanachofanya pale ni mazoezi bora ya kufuatilia kisa kuliko daftari lolote la darasa la awali. Ombi langu ni bibi amuulize mwishoni: nani alimdanganya nani? Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Umeuliza kama mmechelewa. Kuna usemi kwamba ubongo wa mtoto hunyonya lugha bila kazi na kwamba kila mwaka unaopita ni hasara. Ukweli una pande mbili. Kwa matamshi, kuanza mapema kunasaidia kweli. Masikio ya mtoto mchanga huanza kuegemea sauti za lugha anazozisikia hata kabla ya kutimiza mwaka. Kwa kasi ya kujifunza, mambo ni kinyume. Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle waliwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliohamia Uholanzi, wakachapisha matokeo mwaka 1978: katika miezi ya mwanzo vijana wa miaka 12 hadi 15 waliwaacha mbali watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Barcelona nako, wanafunzi walioanza Kiingereza shuleni wakiwa na miaka 11 waliwazidi walioanza wakiwa na minane walipolinganishwa baada ya idadi ileile ya saa za masomo. Mtoto mdogo hushinda pale tu anapozungukwa na lugha saa nyingi kwa miaka mingi. Kwa hiyo usihesabu miezi. Hesabu saa, na hasa ubora wake.

Tuzihesabu basi. Mtoto wa umri wake huwa macho kama saa 12 kwa siku, yaani 84 kwa wiki. Shule ya awali ikimchukua saa nne kwa siku tano, hizo ni 20, karibu robo ya muda wake. Kwenye karatasi inapendeza. Ondoa muda wa uji, foleni, kucheza, kuimba kwa pamoja na kusubiri wenzake wamalize. Kisha jiulize: kwa siku nzima, mara ngapi mtu mzima alimtazama usoni, akamwambia jambo kwa Kiingereza, akasubiri jibu? Katika darasa la watoto 40 huenda ni mara mbili. Hilo ndilo pengo la kuziba.

Katuni hazilizibi. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake kule Seattle waliwaweka watoto wachanga wa Kimarekani, wa miezi tisa hivi, wasikie Kichina cha Mandarin kwa vipindi 12. Waliochezewa na mtu halisi walijifunza kutofautisha sauti za lugha ile. Waliotazama mtu yuleyule kwenye video hawakujifunza. Wa miaka minne huokota maneno kadhaa kwenye skrini, sikatai, lakini skrini haimsubiri, haimjibu, haijui kama ameelewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri huu asizidishe saa moja ya skrini kwa siku. Nyinyi mmefika tatu. Punguzeni hadi kipindi kimoja cha dakika kumi au kumi na tano, kilekile wiki nzima, mkiwa mmekaa naye. Kama kipo kwa lugha zote mbili, kitazameni kwa Kiswahili kwanza ili kisa kieleweke, kisha kwa Kiingereza. Mkizima, igizeni alichofanya sungura au tembo wa siku hiyo.

Sasa kazi ya nyumbani. Chagueni mtu mmoja, shughuli moja na muda mmoja. Tuseme ni baba, kuoga jioni, dakika 15. Kiingereza kikae humo ndani ya bafu na nje yake maisha yaendelee kwa Kiswahili. Andikeni sentensi nane hadi kumi fupi za shughuli hiyo, za aina ya "Wash your hands", "Where is the soap?", "The water is cold", mumpe mtu mwenye Kiingereza kizuri azikague, mzibandike mlangoni. Mtu mwenye msamiati mdogo anaweza kuzimudu sentensi kumi kikamilifu, na mtoto anahitaji kuzisikia mara nyingi sana. Hapo udhaifu wenu haugusi kitu.

Wiki ya kwanza baba anasema na kutenda, mtoto anatenda tu. Asiombwe kurudia hata neno. Wiki ya pili baba anakosea makusudi, anamvalisha soksi mkononi na kuiita kofia. Mtoto wa miaka minne hawezi kunyamaza mtu mzima akikosea namna hiyo. Wiki hiyohiyo aanze kuacha neno la mwisho, "Wash your...", kisha ahesabu kimoyomoyo hadi tano. Kusubiri huko ndiko wazazi wengi kunawashinda. Kimya cha sekunde tano kinaonekana kirefu, wanakijaza wenyewe. Wiki ya tatu lete maswali yenye jibu ndani yake: "Hot water or cold water?" Wiki ya nne mtoto awe bosi, yeye aamuru na baba atii. Akiweza kuamuru, hamieni shughuli nyingine, kama kuandaa meza au kufua soksi, na ile ya zamani iendelee.

Yanayoharibu zoezi hili yanajulikana. La kwanza ni kutafsiri kila sentensi. Mtoto atajifunza kusubiri Kiswahili na kupuuza kilichotangulia. Tumia kitu chenyewe, mikono na uso. La pili ni kumwonyesha kwa wageni: "Hebu mwamkie anko kwa Kiingereza." La tatu ni kuruka siku tano halafu kukaa saa mbili Jumamosi, dakika kumi za kila siku zina faida kubwa zaidi. La nne ni kung'ang'ania Kiingereza wakati mtoto ameumia au analia. Hapo rudi kwenye Kiswahili papo hapo. Na akisema "sikuli" au "miliki", usimkatize. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo ulimi wake unaongeza irabu ili konsonanti zisibanane. Wewe jibu ukilitamka neno vizuri: "Yes, milk. Cold milk." Sikio litafanya mengine kwa miezi.

Ongezeni kitabu kimoja cha picha kwa wiki. Siku ya kwanza kisimulie kwa Kiswahili, picha kwa picha. Ya pili kwa Kiingereza kifupi ukionyesha kwa kidole. Ya tatu wewe utaje, yeye aonyeshe. Ya nne umwachie neno. Ya tano asimulie yeye kwa lugha aipendayo, au kwa zote pamoja. Maneno matano mapya kwa wiki yanatosha. Kwa wiki 40 za shule ni 200, na atakuwa anayatumia. Kama vitabu vimewashinda bei, kalenda yenye picha au gazeti vinafaa kabisa.

Herufi zinastahili onyo lake. Kwa Kiingereza herufi A huitwa "ei", E huitwa "ii", na I huitwa "ai". Mtoto aliyefundishwa a, e, i, o, u za Kiswahili akisikia "ii" ataandika i, na mwalimu atamwekea kosa. Kama shule imeanza herufi za Kiingereza, nyinyi msimwanzishie mfumo wa pili nyumbani kwa sasa. Chezeni na sauti kwa mdomo tu: nani ataje vitu vinavyoanza kama "mama"? Maji, meza, mkate. Kusoma kwa silabi za Kiswahili kutakuja kwa urahisi akikaribia miaka sita, kwa kuwa maandishi yetu hayabadiliki, b na a ni "ba" kila mahali. Kiingereza hakina huruma hiyo: utafiti wa Philip Seymour na wenzake uliochapishwa 2003 ulionyesha watoto wa Kiingereza huhitaji zaidi ya miaka miwili kufika pale ambapo wenzao wa lugha nyingi za Ulaya hufika ndani ya mwaka mmoja. Na hao ni wenye lugha yao. Kurasa za kuandika herufi kwa penseli saa nzima, mtoto wa miaka minne hazimhusu.

Sasa shule. Omba ukae nyuma ya darasa dakika 30, na usiangalie mabango ukutani. Angalia mwalimu anasema na mtoto mmoja mmoja mara ngapi, au kila kitu kinajibiwa kwa pamoja kama kibwagizo. Angalia kama anaonyesha kitu anapotaja neno. Msikilize Kiingereza chake. Darasa la awali linahitaji sentensi rahisi zilizo sahihi, na kama hata hizo zinamshinda, ada yenu inanunua jina la shule. Hesabu watoto: kiwango cha taifa kwa awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Muhimu kuliko yote, mtoto akilia au akitaka kwenda chooni, mwalimu anamsemesha Kiswahili? Mwalimu mzuri anafanya hivyo bila kujificha.

Nyumbani mjaribu mwanao mwenyewe. Huenda anahesabu "one" hadi "twenty" kama wimbo. Mwambie, "Nipe vijiko vitatu." Kisha siku nyingine, "Give me three spoons." Akiweza yote, darasa linafanya kazi. Akiweza la Kiswahili tu, hajambo, anaendelea. Akishindwa yote mawili huku anaimba hadi ishirini, shule inamkaririsha.

Kumhamisha au kumbakiza? Kama umeona mwalimu mwenye subira na darasa linalohemeka, mbakizeni hadi Desemba na mfanye ya nyumbani niliyoyaeleza. Kama umeona kibwagizo na kibao, shule nzuri ya Kiswahili inayomfundisha kufikiri na kusoma, pamoja na dakika 15 za kila siku na vitabu vya Kiingereza vinavyonunuliwa kwa sehemu ndogo ya ada hiyo, ni chaguo bora kuliko shule mbovu ya Kiingereza. Gharama yake pia nikuambie: mtoto huyo atahitaji msukumo wa kweli wa Kiingereza kuanzia darasa la tatu au la nne, bila kusubiri kidato cha kwanza kimkute. Njia ya katikati ni kutafuta shule nyingine ya mchepuo wa Kiingereza, ndogo, isiyo na sifa kubwa, yenye walimu wanaowasemesha watoto. Vyovyote mtakavyoamua, mkae nayo. Kuhama kila mwaka kunamrudisha kwenye ukimya wa mwanzo.

Msitarajie haraka. Cummins alikuta watoto wahamiaji Canada walihitaji kama miaka miwili kuzoea mazungumzo ya kawaida na mitano hadi saba kufikia Kiingereza cha masomo. Hao walizungukwa na Kiingereza dukani, kwenye basi na mtaani. Mbeya haiko hivyo, kwa hiyo ongezeni muda juu ya huo.

Kuna hali ambazo maelezo haya yote hayatoshi, na mtoto anatakiwa kuonwa ana kwa ana. Nendeni bila kuchelewa kama masikio hutoa usaha au yamewahi kutoa mara kwa mara, anaongeza sauti ya televisheni, hageuki ukimwita kwa nyuma, au anakoroma na kupumulia mdomo. Mtoto anayesikia nusunusu humudu nyumbani kwa sababu anawazoea, kisha darasani penye kelele anapotea, na watu wanasema ni Kiingereza. Nendeni pia kama Kiswahili chenyewe kina shida: kwa umri wake anapaswa kuunda sentensi za maneno manne au zaidi, na mgeni aelewe sehemu kubwa ya anachosema. Kigugumizi kilichozidi miezi sita, au maneno aliyokuwa nayo yakaanza kupotea, vinahitaji daktari. Hilo la pili lisisubiri hata wiki. Na kama jibu la swali la uwanjani lilikuwa kwamba hasemi na mtu yeyote, hata kwa Kiswahili, na hali hiyo ikaendelea mwezi baada ya mwezi wakati nyumbani anachangamka, huenda ni woga unaomfunga kuongea mahali fulani. Unatibika, na hutibika vizuri zaidi ukianza mapema.

Anzeni kituo cha afya, muombe rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa ya kanda hapo Mbeya. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini, kwa hiyo mnaweza kuelekezwa Muhimbili. Mwende na rekodi ya simu ya dakika tano mtoto akisimulia kwa Kiswahili nyumbani bila kujua anarekodiwa, na nyingine ndogo akiwa na bibi, kwa sababu chumbani kwa daktari huenda asiseme lolote. Taja lugha zote tatu. Akitokea mtu hapo akakuambia mpunguze lugha kabla mtoto hajapimwa usikivu, mwombe kwa heshima kipimo kifanyike kwanza.